L200, BT-50 ama Navara: pikapu tunazozipita tukikimbilia Hilux

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Malindi pikapu ya kuingia nayo porini atakwambia Hilux kabla hujamaliza swali. Mwenye mfuko mnene atakwambia Landcruiser ile ya 79, na mwenye shamba ama kampuni atakwambia D-Max manake inaundwa papo hapo Nairobi na spea zake ni kama misumari, kila duka zipo. Sibishani nao, hizo ni gari. Lakini ndo hizo kila mtu azitaka, na kitu kikitakwa na kila mtu bei haishuki hata kikichakaa, utaikuta Hilux imeshapita mikono minne, viti vimepasuka, dashibodi imefungwa kwa selotepu, na mwenyewe bado akutajia bei kama ameitoa bandarini juzi.

Sasa mtoto wa ami yangu ana nyumba ndogo ya wageni kule Shela, kisiwa cha Lamu, wiki ilopita akanipigia ati ataka dabo kebini. Gari yenyewe italala Mokowe, upande wa bara, manake kisiwani mwajua wenyewe, usafiri ni punda, mashua na miguu. Hesabu yake ni kuwachukua wageni watatu wanne pale jeti, awatembeze awalaze nje usiku mmoja ama miwili, Marafa, pwani ya Ngomeni, saa zingine hadi geti la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, kisha awarudishe. Pesa ya Hilux nzuri hana na ya Hilux mbovu nimemkataza. Nikaanza kumrikodia sauti ikafika dakika kumi na moja, nikaifuta nikaona bora niandike na wengine wafaidike.

Nitalinganisha tatu tu: Mitsubishi L200, Mazda BT-50 na Nissan Navara. L200 ninayo mwenyewe mwaka wa sita huu. BT-50 ni ya jirani na naiendesha kila akisafiri. Navara nilikaa nayo miezi minane nikaiuza, na nitawaambia kwa nini, ingawa kosa halikuwa lote la gari.

Kwanza tuelewane tunaenda wapi. Kutoka Malindi ukivuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui, Gongoni, Marereni mpaka Garsen, kisha ukageuka kwenda Witu hadi Mokowe, hiyo ni kama kilomita 220 na ni lami, Probox yafika, hakuna haja ya kujisumbua na fo-bai-fo. Kazi yaanza ukitoka kwenye lami. Ukishika kulia kwenda baharini ni mchanga, na mchanga wa matuta ya Mambrui si mchezo, laini kama unga wa mahamri. Ukishika kushoto kwenda Marafa, Baricho ama Chakama ni muramu na mawe na vijito vikavu vyenye kingo za ghafla. Na ukifika mabonde ya Tana ni ule udongo mweusi, ukiwa mkavu ni barabara nzuri kabisa na ukinyeshewa nusu saa ni sabuni iliyochanganywa na gundi. Kwa hivo gari ya huku sio lazima iwe na nguvu za ajabu, iwe tu haizami, yageuka pembamba, na haili kutu. Hilo la kutu ntalirudia mpaka mchoke.

Tuanze na L200. Hii ninayoisema ni ile iliyotoka mwisho wa 2014, injini ya 2.4 ya dizeli yenye mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Ile ya kabla yake, yenye kebini iliyopinda mgongoni, nyingi zina injini ya 4D56 ya 2.5, na uzuri wa 4D56 ni kwamba fundi wa Kenya aijua na macho yamefungwa, imekuwa kwenye Pajero na L300 miaka na miaka, ila hiyo yaenda kwa mkanda wa taimingi na mkanda ukikatika safari ndo imeishia hapo na kichwa cha injini nacho chaumia. Ukinunua yenye 4D56 na muuzaji hana risiti ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, weka pesa ya mkanda kando siku hiyohiyo.

Kitu kilichonifanya niipende L200 ni gia zake za fo-bai-fo, wenyewe wanaziita Super Select. Navara na BT-50 ukiingiza 4H, yaani magurudumu yote manne, unafunga ya mbele na ya nyuma pamoja, hakuna difu ya katikati, ile inayoyaachia ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa spidi tofauti, kwa hivo kwenye lami kavu huwezi kwenda nayo, ukikata kona gari lajivuta lagoma kama mbuzi anayepelekwa josho, na ukilazimisha unavunja vyuma ndani. L200 yenye Super Select ina hiyo difu ya katikati. Nikiweka 4H naenda nayo kwenye lami, muramu, popote, na naingiza nikiwa natembea mpaka spidi ya mia. Mtu wa Nairobi ataniuliza yanisaidia nini. Njoo uendeshe njia ya Sala kipindi cha mvua, kipande lami, kipande muramu, kipande lami iliyofunikwa na mchanga uloletwa na maji, kila dakika mbili barabara yabadilika, mwenye Navara yuko pale anaingiza anatoa anaingiza anatoa hadi mwishowe achoka aacha mbili tu, na hapo ndo watu huteleza wakaingia mtaroni. Ukikwama kweli unasonga hadi alama ya 4HLc, ile difu ya katikati inafungwa, na ukihitaji gia nzito kuna 4LLc.

Lakini hapa watu huibiwa mchana. Si kila L200 ina Super Select! Zile za bei ya chini zina Easy Select ambayo haina tofauti na hizo nyingine mbili. Angalia swichi ama lile rungu la gia: ukiona alama nne, 2H, 4H, 4HLc, 4LLc, basi ndo yenyewe. Ukiona tatu tu, muuzaji hata aape vipi, siyo.

Ya pili ni urefu kati ya ekseli na ekseli. L200 ni milimita 3,000 kamili, Navara ile niliyokuwa nayo 3,150, BT-50 ile ya 2011 hadi 2020 ni 3,220. Waweza kusema sentimita ishirini ni nini. Ni mengi ukiwa umefika mwisho wa njia ya ng'ombe nyuma ya Marafa, miba kulia, korongo kushoto na lazima ugeuze. L200 yageuka duara la mita 11.8, hizo mbili zapita 12, jirani yangu na BT-50 hugeuza mara tano akitukana ambapo mimi nageuza mara tatu. Pia tumbo likiwa fupi halikai juu ya tuta la mchanga kirahisi.

Ubaya wake nao upo, sitaficha manake ni yangu. Kwanza iko chini, milimita 205 kutoka fabriki kwa hii ya mwisho wa 2014, BT-50 ina 237. Pili mkia. Karai la nyuma, pale pa mzigo, limetoka sana nyuma ya ekseli, ukishuka kwenye kijito kikavu mbele yapita vizuri unashangilia halafu mkia wagonga kwaa, bampa yangu ya nyuma imenyooshwa mara mbili na sasa nimeiacha hivohivo ilivo. Na mkia mrefu maana yake ni kwamba mzigo mzito ukiuweka mwisho kabisa unafanya kazi ya mtaimbo kwenye chesisi, kwa hivo tangi la maji, betri ya pili, majerikeni ya dizeli, yote yasukumwe mbele yagusane na kebini, nyuma weka magodoro na sufuria. Hii ni kwa pikapu yoyote ila kwa L200 ni lazima.

BT-50 ndo nafikiri imedharauliwa kuliko zote, na sababu kubwa ni sura. Ile iliyotoka 2011 ilikuja na taa za mbele zilizolegea na mdomo wa kutabasamu kama mtu aliyekula mua, watu wakaicheka, na 2015 ikarekebishwa kidogo lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Sasa ndani ya hiyo sura kuna Ford Ranger. Chesisi ya Ranger, injini ya Ranger, ile 3.2 ya pistoni tano yenye nguvu ya kuvuta Nm 470 ama ile 2.2 ndogo. Watu wanaolipa pesa nyingi kwa Ranger wanapita mbele ya BT-50 hawaigeuzii hata shingo. Yaingia maji hadi milimita 800 kwa kitabu, L200 ya 2015 kitabu kinasema 500 tu. Yabeba tani na ushee bila kulalamika, springi za nyuma ni za vyuma bapa za kimtu mzima, na mashimo ya muramu ukiwa umebeba hata huyasikii. Ukiwa mtupu ni hadithi nyingine, yakurusha mpaka kofia yagusa paa.

Mchangani ndo siipendi. Ni nzito, yapita yangu kwa zaidi ya kilo mia, na ni ndefu. Siku moja tuliteremka nazo mbili pwani upande wa Ngomeni, wote upepo wa tairi tumeshusha hadi PSI 18, mimi nikapita, yeye akakaa. Tukashusha yake hadi 14 ikatoka, kwa hivo si kwamba haiwezi, ila yataka upole na yataka kompresa ya kurudisha upepo ukifika juu, usije ukatembea lami hadi Malindi mjini na tairi zimelala.

Na kuna jambo moja la hii injini ya Ford ambalo lazima mlijue, fundi wengi hawalijui. Ukimwaga oili usiiache ikitiririka masaa. Pampu ya oili ya hizi injini ikikauka yashindwa kuvuta tena, unawasha gari, oili haipandi, injini yajisaga kavu. Umwage, ubadilishe filta, urudishe oili palepale ndani ya dakika kumi. Jirani yangu alipeleka gereji moja hapa, wakamwaga jioni, fundi akaenda kuswali, akaenda nyumbani, ati oili ikauke vizuri hadi asubuhi. Ile bili ya injini sitaitaja manake mkewe aweza kuwa anasoma hapa.

Halafu tusichanganye majina. BT-50 ya kutoka 2020 siyo Ford tena, ni ndugu wa D-Max mpya, chesisi na ile injini ya 3.0 ni za Isuzu. Hiyo ukiikuta kwa bei nzuri usiulize maswali mengi, utakuwa na D-Max iliyovaa kanzu nyingine, na spea za injini utazipata kokote penye Isuzu, yaani kokote Kenya hii. Tatizo ni kwamba bado mpya na bei yake yajua kuwa ni mpya.

Navara sasa. Ile D40 ya zamani, 2005 kwenda mpaka 2015, nitaipita haraka: mnyororo wa taimingi kwenye injini yake ya YD25 una sifa ya kulegea, na kule Uingereza chesisi zake zilikatika kwa kutu nyuma ya kebini hadi ikawa habari. Kutu. Na sisi twaishi kando ya viwanda vya chumvi vya Gongoni. Sitasema zaidi.

Ile iliyoifuata, D23, hiyo ndo nilikuwa nayo na kusema ukweli kwa kukaa ni tamu kuliko hizi mbili, wallahi. Dabo kebini nyingi zimewekwa koili nyuma badala ya springi bapa, mpaka Mercedes wakaichukua wakatengeneza pikapu yao ya X-Class juu yake. Wageni walikuwa wakilala usingizi kwenye muramu wa Baricho. Shida ni ukibeba. Tenti ya paani, maji lita mia, sanduku la barafu na samaki, watu watano, ikakaa matako chini taa zikamulika minazi. Nissan wenyewe walizibadilisha hizo koili zaidi ya mara moja miaka ya 2017 na 2018 manake malalamiko yalikuwa mengi, kwa hivo za mwanzo ndo mbaya zaidi. Waweza kuweka koili nene zaidi, mimi sikujua wakati ule, nikaiuza kwa hasira. Ndo nikasema kosa halikuwa lote lake. Kuna zingine zina springi bapa, inama uangalie kabla ya kusifu ama kukosoa.

Amarok ya Volkswagen mtu ataniuliza. Nzuri, pana ndani, ila zile otomatiki za gia nane hazina gia nzito ya chini, na kuzitengeneza huku ni mpaka upande basi la Mombasa. Tuiache.

Haya, udongo mweusi. Hapa sioni mshindi, naona mjinga na mwerevu tu. Ukinyesha kule Minjila ama Tarasaa na wewe uko nje ya barabara, gari yoyote kati ya hizi itajaza tairi tope mpaka ziwe laini kama papai, na ukiwa na tairi za lami basi kaa hapohapo upike chai. Gari nyepesi yateleza juujuu na nzito yachimba, kwa hivo naipa L200 alama kidogo, lakini tairi zenye meno zatoa tofauti kubwa kuliko jina la gari. Mafuriko ya mwisho wa 2023 barabara ya Lamu ilikatika upande wa Gamba, na hizo milimita 800 za kitabu cha BT-50 nisisikie mtu akijitetea nazo, kitabu kinapima maji yaliyotulia na Tana ikishajaa haitulii.

Mkienda kaskazini ya Mokowe, upande wa Hindi, Bodhei, Kiunga, hapo swali si pikapu gani, swali ni askari wamesema nini asubuhi hiyo. Uliza kwanza, na wageni wa watu usiwapeleke kwa kujaribu.

Na pwani usiku msiendeshe gari mchangani, kasa wanapanda kutaga na mashimo yao hamuyaoni.

Sasa kutu, nilisema ntalirudia. Gari italala Mokowe, hatua chache kutoka baharini, upepo wa kusi waipulizia chumvi miezi na miezi. Hapa ndo L200, Navara na BT-50 zote ni sawa, chuma ni chuma. Kuosha chesisi kila ukitoka pwani ni lazima, na uoshe na maji matamu. Nasema hivo kwa sababu visima vingi vyetu vina maji ya chumvi, nshamuona mtu aosha gari kwa bidii kila wiki na maji ya kisima, yaani anaipaka chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Hapa Malindi tumia ya bomba yanayotoka Baricho. Mokowe tafuta maji ya mvua, weka pipa. Kisha paka oili chafu ama grisi ndani ya chesisi, kwenye matundu, kila kusi likianza.

Na hizi gari za kuagiza, sheria yataka isizidi miaka minane, watu waangalia mwaka na kilomita tu, hakuna anayelala chini kuangalia tumbo. Zilizotoka Uingereza zimetembea miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, kwa hivo imeshakula chumvi ya wenyewe kabla haijaja kula yetu. Kati ya L200 iliyotoka Uingereza yenye kilomita chache na ya hapa hapa ya bara, tuseme Nakuru, yenye kilomita nyingi, mimi nachukua ya Nakuru na nabadilisha sheksobu.

Kwa hivo mtoto wa ami, ikiwa kazi ni hiyo ulonambia, wageni na magodoro na samaki, chukua L200 ya 2015 kuja juu, yenye alama nne za gia, na hizo laki utakazobakisha kwa kutonunua Hilux nunua tairi tano za meno, kompresa, koleo mbili na mbao za kujikwamulia. Lakini nakujua, utaanza na wageni na mwezi wa pili utakuwa wabeba simiti kupeleka shamba la Mpeketoni, na ikiwa ndo hivo niambie ukweli saa hii, manake hapo jibu labadilika linakuwa BT-50 na 3.2 yake, na kule mchangani utavumilia. Navara nakuruhusu ukiipata yenye springi bapa, ama ukiwa na pesa ya koili nene, na mwenyewe awe mtu aliyeitunza. Spea za mwili wa zote tatu, taa, milango, vioo, ni shida kuliko za Hilux, utangoja ziletwe kutoka Mombasa ama Nairobi, hilo ulijue kabisa usije ukanilaumu.

Ukienda kuangalia gari nenda asubuhi kabla haijaoshwa, beba bisibisi na mkeka. Tandika mkeka, ingia chini upande wa nyuma, pale chesisi inapopanda juu ya ekseli, ugonge na mpini wa bisibisi usikilize, ikilia ngu ngu ngu yote, sawa. Ukisikia sauti imebadilika geuza bisibisi, sukuma ncha yake kwa nguvu. Ikizama, toka chini, kunja mkeka wako, mshukuru mwenye gari, mwambie waenda kuswali utarudi, na usirudi.